Chai ya Yeyo Inapoa

Kajiado,
19 Januari 2025

Resian, mtoto wa dada yangu,

Takwenya. Itika "iko" huko Kitengela hata kama majirani zako hawajui unasema nini. Sisi huku tuko, mvua ndiyo haiko. Ng'ombe wamepelekwa upande wa Illasit kutafuta majani. Mbuzi mweusi alizaa mapacha akamkataa mmoja, na huyo mmoja ninamnyonyesha kwa chupa kama mtoto wa mjini.

Barua hii utapewa na Ledama, kijana wa pikapu ya maziwa. Nimemwambia asikupe kama mume wako Wakhungu yuko karibu. Si kwamba ninamchukia. Ninapenda tu kujua ni nani anayesoma maneno yangu. Ndiyo sababu simu siitaki: ukinipigia, boma zima linasikiliza, na ukichoka na maswali yangu unasema network imepotea.

Sasa jambo lenyewe. Kibuyu changu nilichokutumia na maziwa kimerudi. Kimerudi kitupu, bila hata unyasi mmoja wa baraka mdomoni, na kimeoshwa kwa sabuni. Wewe umelelewa jikoni kwangu. Unajua kibuyu husafishwa kwa kijiti cha mti wa oloirien kilichochomwa, kikasuguliwa ndani mpaka kinukie moshi, ndipo maziwa yakubali kukaa. Sabuni ikiingia kwenye mwili wa kibuyu haitoki tena. Nilitia maziwa mapya, yakawa na ladha ya shati lililofuliwa. Na kibuyu hicho kilikuwa cha yule aliyekuzaa.

Kitu kama hicho mtu hakifanyi kwa kusahau. Kwa hivyo ninakuuliza: unaniambia nini? Kama unaona kinyaa kunywa nilipogusa, andika hivyo. Kama ni Wakhungu amesema mambo ya uchafu wa Wamaasai, andika pia, nijue wa kukasirikia.

Ninangoja. Mimi Yeyo wako, mama aliyekulea,
Nashipae


Kitengela,
9 Februari 2025

Yeyo wangu mpendwa,

Iko, Yeyo. Nimeitika kwa sauti hapa jikoni mpaka Linda akauliza ninaongea na nani. Ameanza shule, anajifanya mwalimu na kutuchapa sisi wote. Wakhungu anakusalimu. Huku ni vumbi na foleni ya maji, hakuna jipya.

Kuhusu kibuyu, nisamehe. Hakuna mtu aliyesema neno baya juu yako, na kinyaa sina. Ngoja nikueleze. Unajua ninafanya kazi katika ofisi ya shamba la maua pale Isinya. Mwanzoni mwa Januari tuliletewa daktari, mama mmoja mpole, akatufundisha juu ya saratani. Alisema si uchawi, na si lazima iwe ya ukoo. Nyingine tunaikaribisha wenyewe kila siku, kidogo kidogo. Tumbaku, iwe ya kuvuta au ya kunusa. Pombe. Kukaa kwenye kiti siku nzima na kunenepa. Kula bila mboga wala matunda. Moshi wa jiko lisilo na dirisha. Halafu akataja chai, Yeyo. Chai inayonywewa ikiwa moto sana, ile inayounguza koo asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka.

Hapo nikahisi kama ameingia nyumbani kwetu akakaa karibu na moto. Sisi tunakunywa chai ikitoka jikoni inachemka. Kwetu mtu anayengoja chai ipoe anaulizwa kama ni mgonjwa. Nikamkumbuka Mama na lile koo lake. Nilirudi nyumbani nikanusa ule moshi ndani ya kibuyu, woga ukanishika, nikakisugua kwa sabuni kabla sijafikiri. Unyasi sikuupata. Mtaa wetu wote umetandazwa matofali ya kabro.

Nakuomba mambo matatu tu: acha chai ipoe, acha ugoro, na utoboe dirisha jikoni. Ningependa pia uje huku siku chache, kuna vipimo hospitalini ambavyo si vibaya mtu kuvifanya. Siku ile ya daktari waliweka hema la kupima wanawake, na wengi waliingia.

Binti yako,
Resian


Kajiado,
2 Machi 2025

Resian,

Takwenya. Mvua ilitupiga siku moja ikakimbia kama mtu aliyesahau kitu. Yule mwanambuzi wa chupa sasa anaingia nyumbani bila kubisha.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mimi husoma polepole, na anayesoma polepole huona mengi. Wiki ile ile uliyoanza kuhangaikia koo langu, kaka yako Timothy alionekana hapa chini na watu wa kupima mashamba, wameshika ile miguu yao mitatu ya chuma. Nikajiuliza. Shamba hili liko kwa jina langu, na nikishatoka hapa "siku chache", ni nani anabaki? Kuna mzee wa huku aliyeitwa mjini kupimwa macho. Aliporudi alikuta ua wa waya na bango la kuuza ploti. Macho yake yalikuwa mazuri sana siku hiyo. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, mwanangu, na mimi nimeiona ngoma, bado namtafuta mwambaji.

Halafu hayo ya ugoro. Nyani haoni kundule. Nilimwuliza Ledama mnaishi vipi, akaniambia, na ninaandika vile alivyosema: "Mama, huko ni chips kila jioni. Resian akishuka stage ananunua ya kwake na soda ile kubwa, anakaa kwa kiti mpaka usingizi inamchukua hapo. Na mzee wake anavuta sigara kwa balcony, mlango iko wazi, moshi yote inaingia ndani kwa mtoto." Sasa daktari wako mpole alikataza moshi wa kuni za Kajiado peke yake, ama?

Na jambo lingine. Uliandika kwamba wengi waliingia kwenye lile hema. Hukuandika kwamba wewe uliingia.

Yeyo wako


Kitengela,
23 Machi 2025

Yeyo,

Iko. Linda ana mafua, Wakhungu yuko zamu ya usiku wiki hii.

Barua yako iliniumiza. Nilimpigia Timothy. Anafanya kazi na mpimaji wa ardhi, wanampimia jirani yako anayewagawia watoto wake ardhi. Shamba lako hajaligusa wala hatathubutu, kwa sababu anakuogopa kuliko polisi. Mimi shamba lako silitaki. Ninakutaka wewe. Nilimzika Mama mmoja tayari.

Kuhusu chips, umenishika, na huyo Ledama nitamkanya. Basi tufanye hivi. Mimi nimeacha chips na soda, labda Jumamosi moja moja. Nimeanza kushuka stage ya mbele nitembee mpaka nyumbani, na jioni ninapika managu au sukuma. Wakhungu nimemwonyesha ule mstari wako. Aliusoma mara mbili, halafu akasema, "Mama mkwe ako na CCTV." Sasa anavutia nje ya geti na anasema anapunguza. Ninamnusa kila akirudi.

Zamu yako ni chai na ugoro. Usidhani utanidanganya. Nami nina mtu huko atakayeniambia kama chai inapoa kweli, na usijisumbue kumtafuta.

Binti yako,
Resian

Kikohozi cha Linda kimeniita, nitaandika zaidi siku nyingine.


Kajiado,
20 Aprili 2025, Pasaka

Resian mwanangu,

Takwenya, na Pasaka njema. Mvua sasa imekuja vizuri, ng'ombe wamerudi, wengine siwatambui kwa unene. Huyo mpelelezi wako ni Immaculate, mke wa pasta. Hajawahi kuja kunywa chai kwangu mara nyingi hivyo tangu kanisa lijengwe.

Umeshinda. Chai yangu ninaimimina na kuiacha mpaka ifanye utando juu. Kina mama wa hapa wananicheka, wanauliza kama ninaumwa, nami ninawajibu kwamba ni daktari wa Resian ameniagiza, wanyamaze. Nyama pia nimeiacha, mjini mnasema si nzuri ikizidi. Ninakunywa uji mwepesi na supu, na maziwa. Ugoro nimepunguza, sitakudanganya kwamba nimeacha. Dirisha la jikoni limetobolewa, sasa kuku wanapitia hapo.

Usije Pasaka hii. Barabara ni matope na gari dogo litakwama.

Yeyo wako mtiifu,
Nashipae


Kitengela,
4 Mei 2025

Yeyo wangu,

Iko, iko, iko! Barua yako nimeisoma nikacheka peke yangu kwenye kiti cha ofisi. Immaculate amenihakikishia: chai baridi kabisa, nyama hugusi, hata kwenye harusi ya juzi ulichukua supu tu. Nimewaambia wenzangu kazini kwamba Yeyo wangu wa Kajiado amefanya kile ambacho sisi wenye viyoyozi tumeshindwa. Nimejivuna sana.

Ledama anakuletea gauni la kitenge kama zawadi. Fundi alishona kwa vipimo vya lile la bluu ulilovaa Krismasi ukanipa nikushonee pindo. Mwanambuzi amefikia wapi? Linda anamwuliza kila siku.

Binti yako mwenye furaha,
Resian


Kajiado,
25 Mei 2025

Resian,

Takwenya. Sisi ni wazima. Gauni ni zuri lakini ni kubwa, huyo fundi wa mjini hajui kupima. Nimelifunga kwa mshipi. Mwanambuzi amekula kitambaa cha meza.

Sina mengi wiki hii.

Nashipae


Kitengela,
8 Juni 2025

Yeyo,

Leo sitaanza na habari za Linda.

Gauni lile nilisimamia mwenyewe likishonwa. Nimerudi kwa fundi nikamfokea, akatoa lile la bluu nililomwachia, tukaliweka mezani juu ya karatasi aliyokatia lako la kitenge. Vipimo vinalingana. Ledama nilipomwuliza hali yako alisema, kwa kukusifu kabisa, "Mama siku hizi ni mwepesi, anapanda pikapu kama msichana." Alifikiri nitafurahi.

Niliogopa kwamba utanidanganya kuhusu chai. Wewe ukaipoza. Niliogopa nyama choma, wewe ukaiacha kabla sijaitaja. Yeyo, wewe hukumtii baba yako alipotaka kukuoza ukiwa darasa la saba. Hukumtii chifu wala pasta. Mwezi mmoja tu na unanitii mimi niliyekuoshea kibuyu kwa sabuni? Nilikuwa mjinga kufurahi. Utii wako haufanani na wewe. Ninaushuku.

Mama naye alianza na uji. Alituambia anafunga kwa maombi. Baadaye wakasema ni mfupa uliomkwama kooni, halafu wakasema ni laana, na muda huo wote hakuna aliyemwuliza wazi, kwa sababu kwetu ugonjwa ule hautajwi na aliyeondoka hatajwi. Mimi ninamtaja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nyumba yetu imeshaumbuliwa mara moja.

Ninakuuliza kama ulivyoniuliza juu ya kibuyu, na unijibu: chakula kinapita?

Uliniuliza juu ya hema nami nikaruka swali lako, hata kwa kumsingizia mtoto kikohozi. Sikuingia. Nilifika mlangoni, nikaona viatu vya wenzangu vimepangwa, nikasema nina simu ya kupokea. Niliogopa watakachoniambia. Hilo ndilo langu. Niambie lako.

Resian wako


Kajiado,
29 Juni 2025

Resian,

Takwenya. Nimekaa na barua yako tangu Ledama alipoileta. Nilitaka kukasirika na hasira haikuja.

Hakipiti vizuri. Kilianza kabla ya Krismasi, na nyama. Ikifika katikati ya kifua inasimama, ninapiga kifua na kunywa maji mpaka iteremke. Baadaye ikawa ugali. Chai ya moto ikawa inachoma kama jeraha limemwagiwa chumvi, nikaanza kuingoja ipoe, na wanawake wakaanza kunitazama. Unajua wanavyotazama. Walimtazama hivyo dada yangu.

Sasa nikuambie kuhusu kibuyu. Kiliporudi kinanuka sabuni, nilifikiri umejua. Nilifikiri mtu amekuambia, na unaogopa kunywa mahali nilipoweka mdomo, wewe niliyekutafunia nyama ukiwa huna meno. Ndiyo maana nilikuandikia kwa ukali vile. Halafu ikaja barua yako na maagizo ya daktari, nikaona umenipa pazia. Kila nilichoshindwa kumeza nikasema ni Resian amekataza. Nilikutumia, mwanangu. Na uliposema unajivuna, nilienda zizini nikalia kati ya mbuzi.

Ninaogopa. Sijawahi kuandika neno hilo, hata sijui kama limekaa vizuri hapa. Ninaogopa hospitali, na ninaogopa zaidi kulala kama dada yangu alivyolala, watu wamejaa nyumbani wakiongea habari za mvua.

Jumatatu ijayo nitapanda na Ledama. Lakini sikiliza masharti. Siku hiyo hiyo na wewe utapimwa kipimo chako cha wanawake, na utatangulia, nikiwa nimekaa nje ya mlango nikikutazama ukiingia. Ukisema una simu ya kupokea, ninarudi Kajiado. Na hati ya shamba ninakuja nayo, imeshonwa ndani ya nguo. Timothy hajafanya kitu, najua. Ninakuja nayo tu.

Yeyo wako


Kajiado,
14 Septemba 2025

Resian, mtoto wangu,

Takwenya. Nimefika salama, na boma halijahamishwa. Hati nimeitoa kwenye nguo na kuirudisha mahali pake, ambapo sitapaandika. Mwanambuzi ana pembe sasa, alinikaribisha nazo. Mwambie Linda.

Kwenye simu umenisikia nikisema "niko sawa" kwa sababu watu walikuwa wamejaa, na wewe hukuniamini. Hiyo tabia umeitoa kwangu. Kwa hivyo ninakuandikia.

Yale niliyoshindwa kusema mezani kwako ni haya. Siku ile ulipoingia kwenye chumba cha kupimwa uligeuka ukaniangalia, uso wako ukawa wa mtoto wa miaka sita, na nikajua kwamba hukuwa na hila yoyote juu yangu. Ulipotoka na kuambiwa hakuna kitu, urudi tu kupimwa kila inapotakiwa, nilipata nguvu ya kulala kwenye ile meza na kuacha wapitishe ule mpira wa kamera kooni mwangu. Yule daktari alipokuja na majibu ya kile kipande walichonyofoa, nilimtazama mdomo kabla hajaongea, nikitafuta uongo. Hakusema nimepona. Alisema nimewahi. Kwamba kulikuwa na sehemu ndogo iliyoanza kuharibika, bado iko juu juu, nao wakaiondoa kwa mpira ule ule na kunifungulia njia ya chakula. Desemba ninarudi waangalie tena, na nitarudi.

Niliuliza kama ni chai ndiyo iliyonifanya hivi. Akasema hawezi kunyoosha kidole kwa kitu kimoja. Ni chai, na ugoro, na moshi wa jiko miaka yote hiyo, kila kimoja kimetia mkono. Nikamwuliza na kibuyu. Akasema cha kibuyu bado wanakichunguza, lakini cha ugoro hakina haja ya kuchunguzwa. Nilimpenda kwa hilo. Kikebe changu nilikitupa kwenye choo cha hospitali na nimekuwa mkali kwa kila mtu tangu siku hiyo, waombee. Mwambie Wakhungu aliyenibebea mfuko kwamba nilimnusa pia, na kwamba siku tatu za mwisho alinuka sabuni tupu. Aendelee.

Hapa nimewaambia wanawake. Wote, kwa jina la ugonjwa, na dada yangu pia nimemtaja kwa jina lake, hapa chini ya paa langu. Immaculate akaweka kikombe chake chini, kikafuka mvuke hapo, hakuna aliyemcheka. Mama mmoja alinifuata zizini baadaye kuniuliza ule mpira unapita wapi.

Ledama anakuletea kibuyu. Ni kipya, nimekisafisha mwenyewe, na nimekiziba kwa majani mabichi. Kikirudi, nitaangalia mdomo wake. Kama Kitengela hakuna nyasi, panda.

Jana nilikula nyama laini, ikapita. Leo asubuhi nilijaribu kidogo chai ya moto ulimini, na koo halikuuma kabisa, ningeweza kuimaliza yote kama zamani. Nimeiweka hapa mezani karibu na karatasi hii, na imeshafanya utando. Ile ya Pasaka niliipoza kwa sababu ilikuwa inaniuma. Hii ninaipoza kwa sababu umeniambia. Usizoee.

Yeyo wako,
Nashipae